Baiskeli ya Mtoto: Ukitoa Vigurudumu vya Pembeni, Toa na Pedali

Mji wa Busia ndio uliolipa taifa neno bodaboda, enzi ambapo abiria na mizigo vilivushwa mpakani kwa baiskeli, kabla pikipiki hazijashika kazi hiyo. Hadi leo baiskeli haijaondoka mioyoni mwa wakazi wa kaunti yetu, na likizo ya Agosti ikifika watoto huiomba. Nyingi za hizo ndogo, hasa za mitumba, huwa na vigurudumu viwili vya pembeni vya kumzuia mtoto asianguke. Baada ya muda mzazi huvifungua, na hapo hushangaa: mtoto aliyekuwa akizunguka uani kwa madaha anaanguka kabla hajafika langoni.

Sababu ni kwamba alikuwa amejifunza kupiga pedali tu, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kujisawazisha, kubalansi kama wanavyosema watoto. Baiskeli ikianza kulalia kushoto, anayeiendesha hupinda usukani kushoto kidogo na magurudumu yakarudi chini ya mwili wake. Mtu mzima hufanya hivyo wakati wote bila kujua. Vigurudumu vya pembeni haviruhusu baiskeli ilale hata kidogo, kwa hivyo mtoto hapati nafasi ya kuuhisi mwendo huo. Anaweza kukaa navyo mwaka mzima na asiwe amesogea.

Kwa hivyo anza na kubalansi, pedali zije baadaye. Fungua vigurudumu vya pembeni, kisha fungua pedali zote mbili. Mara nyingi spana namba 15 hutosha. Hapa kuna jambo linalowasumbua wengi. Pedali ya kulia hufunguka kama skrubu ya kawaida, lakini ya kushoto ina meno ya kinyume: unaizungusha kufuata mshale wa saa. Ukiilazimisha upande mwingine unaikaza zaidi, na ukiharibu meno utanunua mkono mzima wa pedali. Ukiwa na shaka, mwachie fundi. Ni kazi ya dakika chache.

Kisha shusha kiti hadi nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini akiwa ameketi, magoti yamekunjika kidogo. Hiki ndicho kipimo cha baiskeli pia. Mzazi anayenunua kubwa ili mtoto "akue nayo" anamnunulia woga. Ni kweli wengi wetu tulijifunzia Black Mamba ya mzee, mguu mmoja umepenyezwa katikati ya fremu, na tukafaulu. Makovu ya magotini tunayo vilevile.

Tafuta mahali tambarare penye udongo mgumu au nyasi fupi, kama uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Mchanga haufai, kwa sababu hunasa gurudumu la mbele. Mwache mtoto atembee akiwa ameketi, kisha asukume kwa hatua ndefu, kisha ainue miguu na kuteleza. Mwambie atazame mbele, si miguuni. Ukitaka kumsaidia, mguse mabegani au kwapani. Usishike usukani, maana usukani ndio anaojifunza kuutumia.

Wengine huchukua alasiri mbili, wengine majuma matatu. Usimlinganishe na wa jirani. Akiweza kuteleza miguu ikiwa juu huku ukihesabu polepole hadi kumi, na akapinda bila kuanguka, rudisha pedali. Kabla ya hapo hakikisha anajua kusimama kwa breki. Breki nyingi za mitumba ni ngumu au ziko mbali na vidole vyake. Fundi anaweza kuzisogeza karibu na kurekebisha waya. Afundishwe kubana zote mbili kwa pamoja, polepole, kwani kuikaba ya mbele peke yake kwaweza kumrusha.

Avae viatu vilivyofungwa, si patipati, na nguo isiyoweza kuingia kwenye mnyororo. Helmeti iwe ya baiskeli na imtoshe. Ya pikipiki ya mtu mzima ni nzito mno kwa shingo ya mtoto.

Kujua kubalansi si ruhusa ya kuingia barabarani. Mtoto wa miaka 5 au 6 bado hawezi kukadiria kasi ya gari linalomjia. Barabara ya Kisumu kwenda Busia, au kando ya misururu ya malori ya Malaba, si mahali pake hata akiwa hodari kiasi gani.

Akianguka, michubuko midogo ioshwe kwa maji safi na sabuni. Lakini akigonga kichwa, kisha akatapika, akalegea kwa usingizi usio wa kawaida, akachanganyikiwa au akapata degedege, mpeleke mara moja kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku. Na jeraha likiwa la kina au limeingia udongo, beba pia kitabu chake cha kliniki, ili mhudumu aangalie kama chanjo ya pepopunda imekamilika.