Utando wa Kijani: Chakula au Sumu?

Ndugu wafanyakazi, ule utando wa kijani juu ya madimbwi na mitaro ya shambani wengi wetu huuita uchafu. Kumbe ndani yake mna mimea midogo mno, isiyoonekana kwa macho matupu, iitwayo mwani wa maji baridi. Wataalamu wameichunguza miaka mingi kwa ajili ya chakula kilichomo.

Unaojulikana sana ni klorela, ambao Mholanzi Martinus Beijerinck aliueleza mwaka 1890. Ukikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Maharagwe makavu yana kiasi cha asilimia 22. Sehemu iliyobaki ya klorela ni mafuta, wanga, vitamini, na madini kama chuma.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wengi walitumaini kwamba klorela itaondoa njaa duniani. Mwaka 1951 mtambo wa majaribio uliendeshwa mjini Cambridge, Massachusetts, Marekani. Baadaye Wajapani wakaanza kuitengeneza kwa biashara. Lakini yalitokea matatizo mawili. Kwanza, kila chembe ina ganda gumu ambalo tumbo la mtu hushindwa kulivunja. Sharti livunjwe kiwandani. Pili, gharama: maji yakorogwe, yatiwe hewa ya ukaa, kisha chembe zichujwe na kukaushwa. Soya na maharagwe yakabaki rahisi zaidi.

Siku hizi klorela huuzwa kwa vidonge na unga, tena kwa bei kubwa. Akija mchuuzi siku ya mshahara akidai kwamba unga huo huponya kila ugonjwa, jiulize: kwa fedha hizo ningepata kilo ngapi za maharagwe?

Tena, mtu asichote utando wa ziwani akala. Katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, upande wa Kenya, utando wa kijani mara nyingi si klorela. Ni viumbe vya jamii nyingine, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Kuchemsha maji hakuondoi sumu hiyo.

Basi, mkiletewa maji ya kunywa kutoka bwawa lenye utando, msikubali kuambiwa, "Chemsheni tu." Mwambieni mwakilishi wenu wa chama apeleke dai kwa mwajiri siku hiyo hiyo. Maji safi ni haki ya mfanyakazi.