JEMBE HALINA CHAMA

Ndugu msomaji, uchaguzi ukiisha, kijijini hubaki nini? Mara nyingi hubaki maneno. Jirani hamsalimu jirani. Kisima kimejaa tope. Walioshindwa wanasema, "Walioshinda wasafishe." Walioshinda wanasema, "Hatuwasafishii waliotupinga." Wakati huo watoto wote wanakunywa maji machafu.

Hebu tuone walivyofanya watu wa Marekani. Tarehe 4 Novemba 2008, Barack Obama alichaguliwa kuwa Rais wa nchi hiyo. Baba yake alikuwa Mkenya. Wafuasi wake walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba kuomba kura. Walijua majina ya watu. Walijua kuitana haraka.

Baada ya kushinda, Obama aliwaomba wafanye kazi nyingine. Aliwaomba wajitolee kuwasaidia watu. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu, tarehe 19 Januari 2009. Ilikuwa sikukuu ya kumkumbuka Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi. Tangu mwaka 1994, sheria ya Marekani inahimiza watu wajitolee siku hiyo.

Watu walikusanya chakula cha wenye njaa. Wengine walisafisha, wengine walipaka rangi majengo. Obama mwenyewe alipaka rangi ukuta wa nyumba ya vijana wasio na makao, mjini Washington. Usiku ule alihudhuria karamu ya kumheshimu John McCain, mtu aliyemshinda katika uchaguzi. Kesho yake aliapishwa.

Kwetu jambo hili si geni. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, TANU ilisema, "Uhuru na Kazi." Wananchi walijitolea kujenga shule, zahanati na barabara.

Sasa tufanye nini kijijini? Waliopiga kampeni wanajua kila nyumba. Waitumie njia ile ile kuita watu kazini. Lakini fuateni mambo haya:

1. Mkutano wa kijiji uchague kazi. Chama kisichague peke yake.

2. Itwe kila nyumba, hata ya aliyewapinga.

3. Bendera na fulana za chama ziachwe nyumbani.

4. Chagueni kazi moja inayoweza kumalizika. Kwa mfano, ondoeni tope kisimani, chimbeni mtaro wa maji machafu, kisha jengeni ua kuzuia ng'ombe.

5. Kila mtu ajue mapema alete nini: jembe, koleo, ndoo au kamba.

6. Kazi ikiisha, chagueni watu wa kukitunza kisima, kutoka pande zote.

Msifanye kazi hii ili kuomba kura. Anayesafisha kisima kwa ajili ya kura atakiacha kura zikishahesabiwa.

Ndugu msomaji, kura yako ni siri yako. Kisima ni chenu wote. Kesho asubuhi mpigie hodi yule jirani msiyesalimiana. Mwambie, "Chukua jembe, twende."