Saa Pokezi na Ishara za Wakati: Maneno Yake na Hesabu Yake

Maombi ya istilahi yanayotufikia aghalabu hutoka maofisini na mashuleni, nayo huja yakiwa orodha ndefu zisizo na maelezo. Ombi tunalotaka kulieleza hapa lilikuja kwa njia nyingine. Mwanafunzi mmoja wa elimu ya juu mjini Dodoma, ambaye baada ya masomo hujifurahisha kwa kutengeneza saa za elektroniki, alituletea saa yenyewe ndani ya boksi la viatu, pamoja na karatasi yenye maneno kumi na mawili aliyotaka kuyaandika juu yake kwa Kiswahili. Baadhi ya maneno hayo yalipatikana siku ile ile. Mengine yametuchukua muda, na jambo moja hatujaafikiana hata sasa.

Saa hiyo ilianza kama saa ya dukani. Jamaa yake aliyekuwa Ujerumani alimletea saa ya mezani ambayo kule hujirekebisha yenyewe. Karibu na jiji la Frankfurt, mahali paitwapo Mainflingen, kipo kituo cha redio kisichotangaza habari wala muziki. Kazi yake kuu ni kutangaza wakati. Kituo hicho kilianza kufanya kazi mwaka 1959, na tangu mwaka 1973 hupeleka wakati wote kwa tarakimu. Njia yake ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Kila sekunde inapoanza, nguvu ya wimbi hupunguzwa kwa kitambo kidogo: ikipunguzwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri, ikipunguzwa kwa sehemu mbili za kumi, hiyo ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika haipunguzwi, na kutopunguzwa huko ndiko kunakoiarifu saa kuwa dakika mpya i karibu kuanza. Kwa sifuri na moja hizo, kila dakika saa huambiwa dakika, saa, tarehe, siku ya juma, mwezi na mwaka.

Huduma hiyo hutegemewa hadi umbali wa kilomita 2,000 hivi. Kutoka Mainflingen hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 6,500. Saa ile ilihangaika usiku kucha, picha ya mnara ikipepesa kwenye kioo chake, isisikie kitu. Vituo vya namna hiyo viko pia Uingereza, Marekani, Japani na Uchina, wala hakuna kilicho karibu nasi. Basi mwanafunzi alikitoa kipokezi cha zamani, akatia kipokezi cha setilaiti, kwa kuwa kila setilaiti ya kuongozea vyombo hubeba saa za atomu, na mawimbi yake huifikia Dodoma sawasawa na Frankfurt. Ikawa saa nyingine kabisa, naye akataka kuipa jina.

Jina la kwanza alilolifikiria ni "saa ya redio". Tulimshauri aliache. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, saa ya redio ni ile iliyomo ndani ya redio. "Saa inayoongozwa kwa mawimbi ya redio" ni maelezo sahihi, lakini ni sentensi, si jina. Sisi tumependekeza "saa pokezi". Walimu wa lugha wamekwisha kulizoea neno "pokezi" katika stadi pokezi, yaani kusikiliza na kusoma, na faida yake ni kwamba halitaji njia: wakati waweza kuja kwa redio, kwa setilaiti au kwa waya, na saa ikabaki pokezi. Saa inayotoa wakati tumeiita "saa mama", kama tusemavyo kampuni mama. Mwenzetu mmoja alipinga akidai kuwa saa pokezi yaweza kueleweka kuwa ni saa iliyopokewa, kama mzigo upokewavyo stesheni. Hoja yake tumeisikia, lakini hatukuona kuwa inatosha kulitupa jina zuri.

Kuhusu kile kinachopokewa, tumechagua "ishara ya wakati" badala ya "alama ya saa". Alama ni kitu kinachokaa mahali, kama alama ya barabarani. Ishara hutolewa na mtu au chombo kwa ajili ya mwingine. Na jambo lenyewe si geni kwetu. Reli ya Kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, ilikuja na ratiba, na watu wa uwanda huu wakaanza kuusikia wakati kwa honi ya gari moshi. Shule ngapi zimeongozwa, na zingine bado zaongozwa, na kipande cha reli kilichotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma! Adhana ni ishara ya wakati, na kengele ya kanisa vilevile. Wasomaji wetu wa makamo wanaikumbuka ngoma ya Redio Tanzania Dar es Salaam iliyotangulia taarifa ya habari, ambayo watu wengi waliitumia kurekebishia saa zao za mkono. Idhaa ya Uingereza ilianza kutoa milio yake sita mwaka 1924. Milio ya aina hiyo haiaminiki tena kwa sekunde, kwa sababu matangazo yapitayo kwa mitambo ya kidijiti na setilaiti huchelewa njiani kabla ya kumfikia msikilizaji.

Neno lililotusumbua zaidi katika fundi hii ya redio ni "masafa". Kamusi na mazoea hulipa maana mbili: umbali, na idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Mtu aweza kuandika kuwa kituo chenye masafa ya kilohezi 77.5 kina masafa ya kilomita 2,000, na asiwe amekosea sarufi, ila amemchosha msomaji. Isitoshe, watangazaji walizoea kusema "masafa mafupi" kwa redio ya mbali, ilhali kilicho kifupi pale ni wimbi. Mitetemo yake ni mingi zaidi, si michache! Tunawashauri wafasiri waseme "mawimbi mafupi" na "mawimbi marefu", waliweke neno "masafa" kwa ajili ya mitetemo, na kwa umbali watumie "umbali".

Jambo la pili ni sekunde. Mwanafunzi aliona kuwa kila anapoiwasha saa yake upya, hutangulia kwa sekunde 18, kisha baada ya dakika kadhaa hujirudi. Sababu ni kwamba dunia haizunguki kwa mwendo ulio sawa daima, hivyo tangu mwaka 1972 wataalamu wameongeza sekunde 27 katika wakati wa dunia ili usiachane na jua. Setilaiti zilianza hesabu yake mwaka 1980 na haziingizi nyongeza hizo. Tangu hapo zimekwisha kuongezwa 18. Setilaiti hutuma taarifa ya tofauti hiyo pamoja na taarifa nyingine, na duru nzima ya taarifa hizo huchukua dakika 12 na nusu, hivyo saa iliyowashwa karibuni hutembea na hesabu ya setilaiti mpaka iarifiwe.

Sekunde hiyo iitweje? Katika karatasi aliyotuletea iliandikwa "sekunde ya kuruka", tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, nayo inapotosha. Kwetu sisi, kinachorukwa ni kile kisichohesabiwa. Aliyeruka darasa la tatu hakulisoma. Hapa sekunde haikurukwa, bali imezidishwa. Kiswahili kilikwisha kuionyesha njia iliyo bora kiliposema "mwaka mrefu" kwa mwaka wenye siku 366, kwani kweli ni mwaka ndio unaorefuka, si siku. Kwa mfano huo, dakika yenye sekunde 61 ni "dakika ndefu", na sekunde iliyozidi ni "sekunde ya nyongeza". Ya mwisho kuongezwa ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2016. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa tarehe 1 Januari 2017, ikikamilisha dakika ya mwisho kabla ya saa tisa usiku. Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliazimia kuilegeza kanuni hiyo ifikapo mwaka 2035, kwa hiyo huenda istilahi yetu isitumike sana. Hata hivyo, wanaofasiri vitabu vya sayansi wataihitaji.

Ama herufi UTC, ambazo hutajwa pamoja na saa za namna hii, tumeziacha kama zilivyo. Si kifupisho cha Kiingereza wala cha Kifaransa. Mpangilio wake ulichaguliwa makusudi ili usiipendelee lugha yoyote. Maelezo yake yawe "wakati ratibu wa dunia".

Sasa tufike kwenye hesabu yenyewe, ambako makosa huwagharimu watu. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa tatu. Lakini Mswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo, kama wafanyavyo Wahabeshi, na kama walivyofanya waandishi wa Agano Jipya, ambao saa zao wafasiri wetu hawakuhitaji kuzigeuza. Kwenye uso wa saa, mshale mfupi, au akrabu kama wasemavyo wa pwani, ukielekea 8, sisi twasoma mbili, yaani tarakimu iliyo upande wa pili kabisa. Mwanafunzi wetu aligundua kuwa akiongeza tatu kisha akatoa sita, ni sawa na kutoa tatu mara moja: saa 5 ya UTC ni saa mbili asubuhi, na saa 12 ya UTC ni saa tisa alasiri. Njia hii ya mkato ni sahihi kwa tarakimu, ila haisemi lolote kuhusu siku. Saa 22 ya UTC Jumatatu ni saa saba usiku, lakini usiku upi? Hapo Kiswahili kina usemi usio na kifani: usiku wa kuamkia Jumanne. Mfasiri anayeandika "saa saba usiku, Jumanne" amemwachia msomaji bahati nasibu.

Tulionyeshwa barua ya kumwita mtu kwenye usaili, iliyotoka katika ofisi moja tusiyoitaja. Ilisema afike "saa 8:00" tarehe iliyoandikwa, basi. Aliyeifasiri kutoka Kiingereza alinakili tarakimu. Mwombaji alitoka Kondoa kwa basi la asubuhi, akafika Dodoma saa saba na nusu mchana, akashukuru kuwa amewahi. Usaili ulikuwa umefanyika saa mbili asubuhi na wenzake walikwisha kuondoka. Hatukuweza kuona kosa lolote kwa upande wake, maana alisoma Kiswahili kama Kiswahili kisomwavyo. Ndiyo maana tunasisitiza kwa ndugu zetu watumishi wa serikali: tarakimu ya saa bila sehemu ya siku haijakamilika, hata iwe imepimwa kwa atomu. Matangazo ya saa za kazi, "saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri", ni mfano mwema. Ikibidi kuandika kwa mtindo wa saa ishirini na nne, kama katika tiketi za treni na ndege, iandikwe 08:00 kwa tarakimu nne bila kutanguliza neno "saa", na ya Kiswahili ifuate.

Na hapa ndipo tuliposhindwa kuafikiana. Mashine haiwezi kutazama nje. Mtu akiulizwa wakati, huangalia kama kumepambazuka, akasema alfajiri au asubuhi. Saa pokezi yataka kuambiwa mpaka, dakika kwa dakika. Mwanafunzi aliweka alfajiri kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, kisha asubuhi. Lakini wakati wetu rasmi hufuata digrii 45 za mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, na Dodoma iko magharibi yake kwa digrii tisa na ushei. Kwa wastani jua hufika utosini mwa Dodoma kama dakika 37 baada ya saa sita mchana, na dakika 14 baada ya kufika utosini mwa Dar es Salaam. Waislamu wa mjini hapa walijua hayo zamani kwa jedwali la sala. Mwezi Julai jua la Dodoma huchomoza kwenye saa kumi na mbili na dakika hamsini. Je, saa kumi na mbili na robo ya siku hiyo, watu wakiwa bado wamewasha taa, ni asubuhi? Wenzetu wa pwani walisema ndiyo, bila kusita. Waliokulia uwandani walisema ni alfajiri. Mabishano ya jioni na usiku kwenye saa moja yalikuwa marefu zaidi, na hatutayaandika yote hapa.

Mwanafunzi alitaka jibu, kwa kuwa kioo cha saa yake kina nafasi ya herufi nane tu, na "alfajiri" inaenea barabara. Kwa sasa tumemruhusu aufuate mpaka wake wa saa kumi na mbili kamili. Tunawaomba walimu walioko Dodoma, Singida na Tabora watuandikie jinsi wanafunzi wao wanavyozitaja saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili na robo, na saa moja ya machweo, wakitaja na mwezi, ili tupate la kusema kabla orodha haijapelekwa kusanifishwa.