NAMBA ZA SOROVEA ZINAVYOGEUKA KUWA RAMANI

Wengi wetu tukisikia neno sorovea, tunamwona mtu aliyeinamia mashine ya miguu mitatu kando ya barabara. Lakini kazi yake haiishii hapo. Mjomba wangu ni mchoraji katika afisi ya wapimaji ardhi, na nikitoka shule jioni huwa ninapitia kwake. Nimeona kazi hiyo mara nyingi, na leo nataka kukueleza jinsi namba tupu zinavyogeuka kuwa ramani.

Kila kona ya ploti huwekwa bikoni. Kila bikoni ina namba mbili: moja yaonyesha iko wapi kuelekea mashariki, nyingine kuelekea kaskazini, zote kwa mita. Namba hizi huwekwa katika lahajedwali, kwa mfano Excel, ambayo ni karatasi ya kompyuta iliyogawanywa vyumba vyumba. Tuchukue mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100, kwa namba zinazofanana na za Nairobi:

A1: 257104.35 na 9858316.42
A2: 257119.59 na 9858316.42
A3: 257119.59 na 9858285.94
A4: 257104.35 na 9858285.94

Jina la bikoni liko safu ya A, mashariki safu ya B na kaskazini safu ya C. Sasa katika safu ya D andika fomula hii: =B2&","&C2. Kazi yake ni kuunganisha namba mbili na kuweka koma katikati. Ivute hadi chini, na bikoni zote zitakuwa tayari. Nakili safu hiyo ya D peke yake, fungua programu ya kuchora kama AutoCAD, andika amri PLINE, halafu bandika. Kufumba na kufumbua, mistari inajichora yenyewe! Mwishoni andika C ili umbo lifungike. Hakuna namba hata moja uliyoichapa upya.

Hata hivyo, kuna mitego mitatu. Kwanza, AutoCAD hutaka mashariki itangulie, ilhali karatasi nyingi za upimaji hutanguliza kaskazini. Ukizipindua, ploti yako itahamia zaidi ya kilomita 9,000 kuelekea mashariki! Pili, usiache nafasi baada ya koma, kwa sababu AutoCAD ikiona nafasi hudhani umebonyeza kitufe cha kukubali. Tatu, usitenganishe maelfu kwa koma, maana hapa koma ina kazi moja tu.

Pengine utauliza, "Kwani kuchapa kwa mkono kuna ubaya gani?" Ubaya upo, tena mkubwa. Nyanya yangu aligombana na jirani yake kwa miaka miwili kwa sababu ya ua. Walikuwa wakichotea maji mfereji mmoja na hawasalimiani. Kila mara waliitwa kwa chifu na kila mara walirudi wamenuna. Kumbe katika daftari la shambani namba zilikuwa sawa kabisa. Aliyezihamisha kwenye mchoro ndiye aliyepindua tarakimu mbili. Nyanya hakuwa mwizi wa ardhi, wala jirani hakuwa mwongo. Wote wawili waliamini karatasi.

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme katika A1 umeandika 361 pale penye 316. Ni tarakimu mbili tu, lakini bikoni imeruka mita 45, na ploti yenyewe ina urefu wa mita 30.48! Umeingia kwa jirani, pengine hadi jikoni. Ndiyo sababu mjomba hukagua eneo kila anapomaliza. Ploti yetu yapaswa kuwa mita 464.5 za mraba, yaani hekta 0.0465. Ukikosea hiyo A1, amri ya AREA itakupa takriban mita 807. Ukiona hivyo, simama! Rudi kwenye daftari.

Jambo la mwisho ni jedwali. Ramani huhitaji orodha ya bikoni pembeni. Badala ya kuichora upya, AutoCAD yaweza kuunganisha jedwali lake na faili ya Excel. Namba ikisahihishwa katika Excel, unaamuru jedwali lijisasishe. Lakini tahadhari: jedwali likibadilika, mistari ya PLINE haisogei. Hiyo lazima uichore tena, la sivyo ramani itasema hivi na jedwali litasema vile, na hapo ndipo kesi huzaliwa.

Kama hamna programu hizi shuleni, usife moyo. Chukua karatasi ya grafu, uweke namba za mfano wetu, uone umbo likitokea. Halafu pindua hiyo 316 ujionee mwenyewe. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba daftari nalo lisiponakiliwa vizuri, mali huenda kwa jirani. Kwa hivyo siku sorovea akija kwenu, mwombe mzazi wako aitishe orodha ya bikoni, muilinganishe na ramani, namba kwa namba, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.