Ngazi ya Samatta na vijana wa Chikongola

Basi linalotoka Mtwara huingia Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, na kabla ya kufika katikati ya jiji hupita Mbagala. Kijana wa Chikongola, Mtwara, aliyebeba viatu vya mpira kwenye begi huupita mtaa aliokulia mshambuliaji Mbwana Samatta. Vijiweni tukimtaja Samatta tunaanza na England na kuishia huko huko, na somo lenyewe linatuponyoka.

Turudi alikoanzia. Alizaliwa mwaka 1992, akachezea African Lyon, kisha Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, katika Ligi ya Mabingwa Afrika; Wakongo wakamwona, wakamchukua. Lubumbashi alikaa karibu miaka mitano, na huko ndiko alikoiva. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika, naye akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Ndipo alipokwenda Genk, Ubelgiji, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, timu ikabeba ubingwa.

Januari 2020 alisajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu England.

Sasa tazama mabao yake matatu ya England: Anfield dhidi ya Liverpool akiwa bado na Genk, kisha akiwa na Villa, Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi, na Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Yote ni ya kichwa. Pale Wembley, krosi ya mwenzake El Ghazi ilikuja chini. Samatta alijirusha mbele na kuuwahi mpira kabla ya beki. Bao la namna hiyo halitokani na urefu. Linatokana na kusoma mpira mapema, na usomaji huo hufundishwa na mechi ngumu, nyingi, mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo linapozaliwa swali letu: kijana wa Mtwara atazipata wapi mechi kama hizo? Timu yetu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2014, Simba na Yanga zilikuja Uwanja wa Nangwanda Sijaona, na beki wa hapa alipimwa na washambuliaji hatari akiwa nyumbani kwao. Iliposhuka mwaka 2020, tulipoteza ngazi ya kwanza. Jirani zetu Namungo wa Ruangwa walipanda 2019, na msimu wa 2020/21 wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa hiyo Kusini inaweza.

Watoto wanaocheza chandimu Chikongola jioni hawajapungukiwa kipaji. Tuwarudishie timu imara mjini kwao, ili wakipanda basi la Dar es Salaam wawe wanaitwa, si wanakwenda kubahatisha.