Kwanza deni, kisha ukarimu



Kuna mambo ambayo sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili tunayapata bure. Fungua Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Mzungu akifika hapo lazima aelezwe kwamba Wayahudi walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Sisi hatuna haja ya maelezo. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja: jua linashuka, wauza mboga wanakunja maturubai, na mtu ambaye hakupata kibarua tangu asubuhi anaanza kufikiria atawaambia nini watoto akirudi mikono mitupu.

Mahubiri mengi juu ya injili hii huenda moja kwa moja kwa wale wa jioni waliolipwa dinari nzima, na tunafundishwa kwamba neema ya Mungu haipimwi kwa saa. Ni kweli, na sina la kupunguza. Lakini siku hizi mimi nakwama kwenye mstari wa pili, ambao huwa tunaupita haraka. Kabla ya mtu yeyote kushika jembe, mwenye shamba alipatana na wale wa alfajiri juu ya dinari moja kwa siku. Dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa kibarua, chakula cha nyumba yake siku hiyo. Jioni ilipofika akamwita msimamizi na kila mtu akalipwa siku ileile. Wa alfajiri walipata kile walichopatana, hakikupungua hata senti. Ukarimu kwa wale wa saa kumi na moja ulitoka mfukoni mwa mwenye shamba, haukukatwa kwenye ujira wa wengine. Yaani mtu huyu alilipa deni lake kwanza, kisha akawa mkarimu.

Nimeirudia injili hii mara nyingi kwa sababu ya mjadala unaoendelea Marekani kuhusu mishahara. Kule sheria ya nchi nzima inasema mtu asilipwe chini ya dola 7.25 kwa saa. Kiwango hicho kiliwekwa Julai 2009 na hakijasogea, ingawa majimbo mengi yamejiwekea viwango vya juu zaidi. Katika miaka hiyo baadhi ya waajiri wakubwa walipandisha wenyewe. Walmart, kampuni ya maduka, ilitangaza mwaka 2015 kwamba hakuna mfanyakazi wake atakayelipwa chini ya dola 9. Amazon ikafika dola 15 mwaka 2018. Basi wapo wanaosema: mnaona? Sheria ya nini, waacheni waajiri, wenyewe watapandisha. Na wapo wanaojibu kwamba kinachotolewa kwa hiari huweza kuondolewa kwa hiari.

Mabishano haya ni ya zamani. Januari 1914, mjini Detroit, Henry Ford alitangaza kwamba mfanyakazi wa kiwanda chake cha magari atapata dola 5 kwa siku ya saa nane. Wakati huo walikuwa wakipata dola 2 na senti kidogo kwa siku ya saa tisa. Habari zilizunguka dunia. Watu kwa maelfu walijaa langoni kwenye baridi kali kuomba kazi, na fujo zilipoanza walimwagiwa maji ya mipira ya zimamoto. Ford alisifiwa makanisani na magazetini. Hata hivyo alikuwa na shida yake: kazi ya kusimama sehemu moja na kufunga skrubu ileile kutwa iliwachosha watu, na mwaka 1913 alilazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000 ili kuwa na wafanyakazi wapatao 14,000. Mshahara mnono ulikuwa dawa ya ugonjwa wake mwenyewe. Simlaumu kwa hilo. Mwajiri anayegundua kwamba kulipa vizuri kunamfaidisha na yeye amegundua jambo la kweli.

Ila karibu nusu ya zile dola 5 haikuwa mshahara. Iliitwa mgawo wa faida, na ili uipate ilibidi ukaguliwe. Kampuni iliunda idara nzima ya wakaguzi waliokwenda nyumbani kwa wafanyakazi kuangalia kama nyumba ni safi, kama mtu anakunywa pombe, kama anaweka akiba, kama kweli ameoa. Mwaka 1915 idara hiyo ilikabidhiwa kwa mtumishi wa Mungu, Samuel Marquis, aliyekuwa kiongozi wa kanisa kuu la Kiepiskopali pale Detroit, Waanglikana wenzetu wa kule. Naamini alikwenda kwa nia njema. Aliacha kazi mwaka 1921. Lakini fikiria mwenyewe, baba wa watoto wanne anasimama mlangoni akimwonesha mgeni kitanda chake na sufuria zake ili apate fedha ambayo ameifanyia kazi.

Na Amazon? Mwezi mmoja kabla ya kutangaza dola 15, Seneta Bernie Sanders alikuwa amepeleka bungeni muswada wa kuzitoza kodi kampuni kubwa ambazo wafanyakazi wao wanalipwa kidogo hadi wanaishi kwa msaada wa serikali. Kampuni ikapandisha, watu zaidi ya 250,000 wakanufaika, jambo jema. Siku zilezile ikaondoa bonasi za kila mwezi na hisa ambazo watu wa maghala walikuwa wakipewa. Kampuni ilisema ukijumlisha yote mfanyakazi anabaki juu, na wapo wa zamani waliolalamika kwamba hesabu zao hazikuonesha hivyo. Hakuna sheria iliyovunjwa. Bonasi ilikuwa ya mwenyewe, aliitoa na akaiondoa.

Sasa nikupeleke kwenye mji mdogo wa Wenatchee, jimbo la Washington, kwa mama mmoja aliyesafisha vyumba vya hoteli. Jina lake Elsie Parrish. Jimbo lake lilikuwa na sheria ya kima cha chini kwa wanawake, dola 14.50 kwa wiki ya saa 48, na hoteli ilikuwa ikimlipa chini ya hapo. Alipoondoka kazini mwaka 1935 alipiga hesabu ya kilichopungua tangu aanze: dola 216.19. Hoteli ikampa dola 17 yaishe. Akazikataa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 29 Machi 1937, kwa majaji watano dhidi ya wanne, mama wa kufagia vyumba akashinda. Miaka 14 nyuma mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema sheria kama ile inaingilia uhuru wa watu kupatana. Mwaka uliofuata, 1938, nchi nzima ikapata kima cha chini, senti 25 kwa saa.

Nampenda mama huyu kwa sababu ya zile dola 17. Angezipokea na kusema asante. Hakuomba aongezewe wala ahurumiwe. Alidai kilichokuwa chake, na senti zake 19.

Ndugu msomaji, usidhani wanaopinga sheria hizi wote ni wachoyo. Hoja yao ina uzito: ukimlazimisha mwenye mgahawa mdogo alipe asichoweza, atapunguza watu, na atakayepunguzwa ni yule asiye na ujuzi, yaani maskini uliyetaka kumsaidia. Wasomi wamelibishania hili kwa miaka mingi. David Card na Alan Krueger waliangalia migahawa ya New Jersey baada ya kima cha chini kupanda mwaka 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05, wakailinganisha na ya jimbo jirani la Pennsylvania, na hawakuona kazi zikipungua. Wengine walipinga hesabu zao. Mwaka 2019 ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba kima cha dola 15 kingewapandishia mshahara watu milioni 17, na huenda kingeondoa ajira milioni 1.3. Yote mawili kwa pamoja. Anayekuambia jambo hili halina gharama anakudanganya. Mimi naona kiwango kikipandishwa kwa busara, kidogo kidogo, madhara huwa madogo kuliko tunavyotishwa. Na naona kwamba mtu anayesema dola moja zaidi itamfilisi, wakati anajenga ghorofa, tusimsikilize sana.

Papa Leo XIII, mwaka 1891, aliandika katika waraka wake wa Rerum Novarum kwamba hata pale mwajiri na mfanyakazi wanapopatana kwa hiari, kuna haki iliyo juu ya mapatano: mshahara usipungue kiasi cha kumwezesha mtu mwenye maisha ya kiasi kuishi. Mwenye njaa hukubali chochote. Kukubali kwake si uthibitisho kwamba unamtendea haki.

Nimezunguka Marekani kwa muda mrefu, na huenda umefurahi kwamba habari hii ni ya matajiri wa mbali. Turudi nyumbani basi. Wengi wetu tunaokaa kanisani leo ni waajiri. Hatuna kiwanda, tuna dada wa kazi.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Tanzania Januari 2023 ilitaja mfanyakazi wa nyumbani anayekula na kulala kwa mwajiri wa kawaida: Sh60,000 kwa mwezi, kutoka 40,000 ya mwaka 2013. Asiyelala hapo, Sh120,000. Ukigawa ile 60,000 kwa siku thelathini unapata Sh2,000 kwa siku ya kuamka saa kumi na moja alfajiri na kulala baada ya vyombo vya usiku. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha chini kabisa katika amri ile ya 2023, na ziko nyumba nyingi za wasali rozari na waimba kwaya ambazo hazikifikii.

Najua utakachosema, maana nimekisema mimi. Kwanza: na mimi mshahara wangu haunitoshi. Mwalimu au muuguzi mwenye watoto watatu anayelipa dada ili na yeye aende kazini hana shamba la mizabibu. Hilo sina jibu jepesi kwake, ila kwamba anayebanwa asimbane aliye chini yake kana kwamba huyo hana tumbo.

La pili: huyu ni kama mtoto wangu, namvisha, Krismasi namnunulia kitenge, amefika hapa hajui hata kuwasha jiko la gesi. Au ni mtoto wa dada yangu kabisa, nimemtoa kijijini. Soma Mwanzo 29. Yakobo alifika kwa mjomba wake Labani, akakaa kama ndugu, akafanya kazi. Na Labani, mjanja yule tunayemsema kila siku, ndiye aliyemuuliza kama kwa kuwa ni ndugu yake amtumikie bure, akamwambia ataje mshahara wake. Baadaye alimzungusha, na Yakobo akalalamika kwamba ameubadili ujira wake mara kumi. Lakini kuuliza aliuliza. Wapo kati yetu ambao hata kwa Labani hatujafika.

La tatu ndilo linaloniuma. Tunasema: hela yake namtunzia, atachukua akienda kwao. Kumbukumbu la Torati 24 inazuia jambo hilihili: maskini alipwe siku yake, kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake uko kwenye ujira huo. Nao Waraka wa Yakobo sura ya 5 unasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na Bwana anazisikia. Waraka ule uliandikwa kwa waamini, watu waliokuwa wakikusanyika na kusali.

Ijumaa iliyopita nilikaa na binti anayenisaidia nyumbani ili tupige hesabu ya ninachomtunzia. Nilisema ni miezi mitatu. Akaniangalia, akasema, "Samahani mama, ngoja." Akaingia chumbani na kurudi na daftari la shule la mwanangu, lile lililobaki kurasa, ameandika kila mwezi kwa penseli. Ilikuwa miezi mitano, na wa sita nusu. Nilikuwa nimesahau kabisa mwezi wa Pasaka, ule ambao hakwenda kwao kwa sababu nilikuwa na wageni.

Nimemlipa mitatu. Mingine ni mwisho wa mwezi huu, tumeandika kwenye daftari lake na nimetia sahihi. Fedha ya kwanza aliituma kwa mama yake kwa simu jioni ileile, kabla ya kupika.

Jumapili njema.