Safari ya meli Bukoba–Mwanza: panga kitanda, mlo na burudani kabla hujaondoka nyumbani

Watu wa Karagwe na Kyerwa wanaokwenda Mwanza ni wengi. Yupo mgonjwa mwenye barua ya rufaa ya Hospitali ya Bugando, yupo mfanyabiashara wa maharage, yupo mwanafunzi anayerudi chuoni, na yupo mama anayekwenda kumuuguza binti aliyejifungua. Baadhi hupanda basi na kupita Biharamulo na Geita. Tangu Juni 2025 hao hawasubiri tena kivuko cha Kigongo–Busisi, kwa sababu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limefunguliwa. Wengine bado wanapenda meli. Wanashuka hadi Bukoba, wanalala majini, na kunapokucha wako Mwanza.

Makala hii ni kwa ajili ya hao wa meli, hasa yule anayesafiri kwa mara ya kwanza. Tunaeleza mambo matatu ambayo wengi huyaacha mpaka wamefika bandarini: mahali pa kulala, chakula, na namna ya kupitisha muda. Tunaeleza pia kwa nini kuandikisha jina mapema ni jambo la usalama, zaidi ya kuwa jambo la starehe.

Meli zenyewe

Meli ambayo watu wa Kagera wanaijua zaidi ni MV Victoria. Iliundwa Uskoti, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1960. Mwaka 1961 ikaanza kazi ya kuzunguka ziwa. Baadaye ilichakaa na kusimama kwa miaka kadhaa, kisha ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi kazini mwaka 2020. Uwezo wake ni abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Meli kubwa zaidi ni MV Mwanza, iliyojengwa Mwanza na kushushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa mita 92.6. Imeundwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo, magari madogo 20 na malori 3. Nafasi zake zimegawanywa kwa madaraja: watu 2 katika daraja la hadhi ya juu kabisa, watu 4 katika daraja la watu mashuhuri, 60 daraja la kwanza, 100 daraja la biashara, 200 daraja la pili na 834 daraja la tatu.

Zitazame hizo namba vizuri. Kati ya abiria 1,200, wenye nafasi katika daraja la kwanza ni 60 tu. Anayesema "nitakata tiketi nikifika" anagombania nafasi chache na watu wa Bukoba mjini, Muleba, Missenyi na Karagwe kwa siku moja.

Msimamizi wa meli hizi za serikali ni Kampuni ya Meli Tanzania (TASHICO), ambayo wengi bado wanaikumbuka kwa jina la awali la MSCL.

Tujifunze kwa meli za watalii

Huenda umewahi kuona picha za meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Zanzibar au Mombasa. Hizo ni kama mji unaoelea. Moja ya kubwa kabisa duniani, Icon of the Seas, ilianza safari mwaka 2024 kutoka Miami, Marekani, na inaweza kubeba abiria wapatao 7,600.

Je, watu wote hao wanakulaje? Jibu ni zamu. Katika meli nyingi za aina hiyo chakula cha jioni katika ukumbi mkuu huliwa kwa zamu mbili: kundi la kwanza linakula kama saa 12 jioni, kundi la pili baada ya saa 2 usiku. Abiria anachagua zamu yake wiki nyingi kabla ya safari. Chakula cha ukumbi mkuu kimo ndani ya nauli. Akitaka kula katika mgahawa wa pekee, anaongeza pesa na kuweka nafasi. Michezo ya kuigiza na muziki pia huwekewa nafasi kwa simu, kwa sababu viti vya ukumbi ni vichache kuliko abiria.

Meli zetu za Ziwa Victoria ni za usafiri wa wananchi, na safari ni ya usiku mmoja. Hata hivyo, hesabu haibadiliki. Tuchukulie mfano: mgahawa una viti 60, na watu 600 wanataka kula. Kila mmoja akikaa nusu saa, zinahitajika zamu 10, yaani saa 5 nzima. Wa mwisho atakula usiku wa manane, na chakula alichokitaka kitakuwa kimekwisha. Kwa hiyo mtu wa Kayanga au Nkwenda apange mlo wake kama mtalii anavyopanga, ila kwa kipimo cha mfuko wake.

Kitanda kwanza

Kabla hujauliza bei, jiulize: nani anasafiri? Kijana mwenye afya anaweza kukaa kwenye kiti cha daraja la tatu na kufika bila shida. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, mjamzito, mzee, au mama mwenye kichanga anahitaji kulala. Kwa huyo, kitanda ni sehemu ya matibabu, na pesa yake itafutwe mapema kama inavyotafutwa ya dawa.

Unapokata tiketi uliza maswali haya:

1. Meli inaondoka siku gani na saa ngapi, na je, ratiba imebadilika?
2. Napandia gati la Bukoba au Kemondo?
3. Daraja hili ni la kulala au la kukaa? Chumba kina vitanda vingapi, na nitalala na nani?
4. Nauli ya mtoto ni kiasi gani?
5. Mzigo wa kilo ngapi hauna malipo ya ziada?
6. Nisiposafiri, narudishiwa pesa au nabadilishiwa siku?

Lipa kwa ofisi ya meli au wakala anayetambulika, upewe tiketi au risiti yenye jina lako. Usitume pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi anayekuambia "nitakushikia chumba." Ukifika bandarini bila risiti, huna cha kudai.

Kwa nini jina liandikwe

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Zaidi ya watu 800 walipoteza maisha, na nyumba nyingi za Kagera zilibaki na msiba. Meli ilikuwa na orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili, watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo hakuna anayejua kwa uhakika walikuwemo watu wangapi, na zipo familia ambazo hazikuweza kuonyesha hata karatasi moja kwamba ndugu yao alipanda.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliofariki peke yao walikuwa 228.

Kuweka nafasi mapema kwa jina lako kunamsaidia nahodha kujua idadi ya watu wake, na kunaisaidia familia yako kujua uko wapi. Kwa hiyo:

- Toa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.
- Andikisha kila mtoto, hata anayebebwa mgongoni.
- Usipande kwa tiketi yenye jina la mtu mwingine.
- Piga picha ya tiketi na uitume kwa mtu mmoja nyumbani.
- Ukiona meli au kivuko kimejaa kupita kiasi, usipande. Mwenda pole hajikwai.

Mlo: hesabu ya usiku mmoja

Safari ya usiku inahitaji milo miwili tu: cha jioni na chai ya asubuhi. Ugumu unaanza kwa sababu siku yako imeanza mapema. Mtu wa Murongo au Rubwera huamka alfajiri, anasafiri hadi Omurushaka, anashuka Kyaka, kisha Bukoba. Kutoka Kayanga peke yake ni zaidi ya kilomita 100. Akifika jioni amechoka, tumbo ni tupu, na foleni ya meli inamsubiri.

Tunashauri hivi. Kula mlo kamili Bukoba mjini kabla ya kuingia bandarini. Chakula cha meli kiwe cha pili, si tegemeo lako lote. Ukishapanda na kupata nafasi yako, nenda mgahawani mapema, muulize mhudumu kuna chakula gani, bei gani, na mwisho wa kuhudumia ni saa ngapi. Kama mnapika kwa oda, toa oda yako hapo hapo na ujue utaitwaje. Uliza pia chai ya asubuhi inaanza saa ngapi, maana watu wote huamka pamoja meli inapokaribia Mwanza.

Beba pia akiba yako: ndizi mbivu, karanga, chapati, mayai ya kuchemsha, maji ya kunywa. Weka akiba hiyo kwenye mkoba mdogo unaokaa nao. Wapo wanaofunga chakula ndani ya gunia linalokwenda chini kwenye mizigo, wakabaki na njaa hadi asubuhi. Chakula chenye mchuzi na maziwa yasiyochemshwa viache nyumbani, vinaharibika haraka.

Mgonjwa wa kisukari asikae muda mrefu bila kula. Abebe chakula na dawa mkononi, na amwambie mwenzake au mhudumu. Mtoto anayekula uji, beba chupa ya chai yenye uji moto. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu watu wengi wanashika ngazi na milango ileile.

Ziwa likichafuka, wengine hupata kichefuchefu. Kula kidogo, epuka mafuta mengi na pombe, kaa katikati ya meli ambako haiyumbi sana, na utazame mbali. Dawa za kichefuchefu zipo, lakini zinywewe kabla ya safari kwa ushauri wa mtaalamu wa afya, hasa kwa mjamzito na mtoto.

Burudani

Katika meli za watalii burudani ni ratiba nzima. Kwetu ni televisheni, muziki, kinywaji na mazungumzo. Usitegemee kufuatilia mechi ya Simba na Yanga ukiwa katikati ya ziwa, kwa maana mtandao hukatika. Hata matangazo yetu ya redio yatapotea masikioni mwako kadiri meli inavyokwenda. Pakua nyimbo, mahubiri au vipindi unavyovipenda kwenye simu kabla ya kuondoka, jaza chaji, na beba spika za masikioni ili usimkere aliyelala.

Kutazama nyota kutoka kwenye sitaha ni raha isiyolipiwa. Lakini usikalie wala kuegemea vyuma vya pembeni, na usimwache mtoto acheze peke yake. Aliyekunywa pombe asitoke nje usiku. Na kabla ya burudani yoyote, tumia dakika tano kutafuta majaketi ya kuokolea maisha yako wapi, yanavaliwaje, na mlango wa kutokea uko upande gani.

Karatasi ya mistari mitano

Siku ya kupanga safari, chukua karatasi uandike:

1. Nauli ya basi hadi Bukoba na ya kurudi.
2. Nauli ya meli ya kila mtu, pamoja na watoto na mzigo.
3. Chakula: mlo wa Bukoba, mlo wa meli, chai ya asubuhi.
4. Bodaboda au daladala Mwanza hadi unakokwenda.
5. Akiba ya kulala Bukoba usiku mmoja, endapo meli itaahirishwa.

Mstari wa tano ndio unaosahaulika zaidi. Meli inaweza kuchelewa kwa sababu ya hali ya hewa au matengenezo. Asiye na akiba hiyo hujikuta anakula pesa ya hospitali. Kwa hiyo piga simu ofisi ya meli siku moja kabla ya kuondoka Karagwe au Kyerwa, kisha fika bandarini muda wa saa mbili au tatu kabla ya meli kuondoka.

Mpendwa msikilizaji, kama kwenu yupo anayejiandaa kwenda Mwanza wiki hii, msomee ukurasa huu. Kama hajui kusoma, mwandikie ile mistari mitano na mjaze hesabu pamoja kabla hajauza kahawa au mbuzi. Atajua mapema kama pesa aliyo nayo inampeleka na kumrudisha.